Uso wa Baba Karatasini

Picha pekee ya marehemu baba niliyorithi ni negativu moja ya filamu nyeusi na nyeupe, iliyopigwa nyumbani Likawage mwaka 1974. Amesimama mlangoni na kanzu yake, nyuma yake giza la ukumbi. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa amenisihi mara nyingi: "Niletee picha ya mdogo wangu kabla macho hayajaniishia."

Nikaipeleka duka moja la Dar es Salaam, wakaiingiza kwenye kompyuta na kuichapa kwa printa ya wino. Kwenye kioo baba alikuwa yuleyule. Shangazi akaishika juani, barazani, akaigeuza huku na huku.

"Mwanangu, kanzu ni yake. Mwenyewe yuko wapi?"

Uso ulikuwa masizi. Tena kijivu kile, ambacho usiku kwenye taa kilielekea wekundu, juani kilikuwa na ukijani kama mkate ulioota ukungu. Niliona haya, nikaamua kujifunza mwenyewe.

Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, karatasi huuazima. Kwenye karatasi isiyong'aa, weupe huuzidi weusi kwa mara 40 hivi tu, ilhali kioo hufika mamia. Usipoiongoza printa, ngazi za giza huzirundika pamoja, na ngozi zetu, msomaji, zimo katika ngazi hizohizo. Ule ukijani nao hutokana na kutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino za rangi. Wino wa kijivu wenye kaboni hutulia zaidi.

Dawa yake ni profaili. Unachapa vipande, tuseme 21, kutoka weupe hadi weusi, kwa printa hiyo, wino huo na karatasi hiyo. Vikikauka, kila kimoja hupimwa kwa chombo, na vipimo huwekwa katika faili. Profaili ya kiwandani ni suti ya kununua dukani. Hii ni ya kupimwa na fundi cherehani. Ukishakuwa nayo, programu huweza kukuonesha kwenye kioo picha itakavyotoka karatasini. Photoshop ina uwezo huo tangu toleo la 6, la mwaka 2000.

Nilipowasha onyesho hilo, picha ilinyauka: weusi ukawa majivu, weupe ukachujuka. Wazoefu hushauri utazame pembeni wakati wa kuwasha, usije ukakata tamaa. Mimi nilikaza macho, nimwone baba anavyopotea. Ndipo nikaziinua ngazi za giza polepole: shavu, jicho, kovu juu ya nyusi. Ukumbi nikauacha uzame. Kwetu Kilwa mpingo si mgeni, na weusi wake ukipigwa msasa vizuri huonesha kila mkunjo.

Safari ya pili shangazi aliitazama juani, akaingia nayo ndani, akatoka tena.

"Kovu hili nilimtia mimi, kwa mwiko," akasema, kisha akaomba miwani.