Sanduku la 1866

Najua nimepotea, mitihani ilitubana vibaya. Leo sina stori ya kantini wala ya baridi ya huku Minnesota (baridi ipo, we acha tu). Leo nina stori ya sanduku.

Rumeti wangu ni mtoto wa hapa hapa Minnesota, ila asili ya ukoo wao ni Norwei. Likizo fupi iliyopita alinichukua kwao shambani. Sebuleni kwa babu yake kuna sanduku kubwa la mbao, limechorwa maua, na mbele limeandikwa jina la mwanamke na mwaka 1866. Babu ana miaka themanini na kitu, moyo unamsumbua. Alituambia hivi: "Kabla sijaondoka nataka kujua hili sanduku ni la nani." Maana jina lile hakuna mtu kwenye ukoo analolijua. Wengine walikuwa wanasema lilinunuliwa mnadani.

Basi tuliporudi chuo tukaanza kutafuta, kila usiku baada ya vipindi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa New York. Kila mtu akisikia wahamiaji anafikiria Ellis Island, lakini kituo kile kilifunguliwa 1892. Kabla ya hapo kulikuwa na Castle Garden, kuanzia 1855. Tukapekua huko, hola. Kumbe miaka ile meli nyingi za matanga kutoka Norwei zilikuwa zinatia nanga Quebec, Kanada! Sababu ni biashara tu. Waingereza walifuta sheria zao kali za usafiri wa meli mwaka 1849, na wenye meli wa Norwei wakaona faida: peleka watu Quebec, rudi na shehena ya mbao.

Kosa la pili, jina. Norwei enzi hizo mtu aliitwa kwa jina la baba yake, kama vile pwani kwetu tunavyosema Salum bin Ali. Mtoto wa Lars akiwa wa kiume ni Larsen, wa kike ni Larsdatter. Na mwanamke akiolewa habadilishi jina. Jina la shamba liliongezwa mwishoni kama anwani, ukihamia shamba lingine nalo linabadilika. Sheria ya kila familia kuwa na jina moja la ukoo ilikuja 1923. Nilipomsomea rumeti hiyo sehemu akaruka kitandani. Jina la kwenye sanduku linaishia na -datter! Kumbe sio mtu baki. Ni mama mwenye nyumba, yule aliyevuka bahari.

Kuanzia hapo mambo yakafunguka. Norwei wameweka madaftari ya zamani ya makanisa kwenye intaneti, bure kabisa. Wachungaji walikuwa wanaandika waliozaliwa, waliofariki, na hata waliohama parokia. Mwandiko wao ni kama miguu ya kuku, lakini tukawapata, 1866: baba, mama (jina lile lile la sanduku), mtoto wa kiume miaka 8, wa kike miaka 4, na kichanga wa kike wa miezi michache. Watu watano.

Kwenye orodha ya abiria walioshuka Quebec mwaka huo huo, wako wanne.

Tukasema labda karani alisahau. Tukafungua sensa ya Marekani ya 1870. Yule kichanga angekuwa na miaka 4. Kuna binti ana jina lake, ila ana miaka 3, na amezaliwa Minnesota. Ikatuchukua muda kuelewa. Wanorwei walikuwa na desturi: mtoto akifa, anayefuata wa jinsia ile ile anapewa jina la marehemu.

Jamani, nilinyamaza. Safari ya meli za matanga ilikuwa wiki saba, nane, hata zaidi. Abiria walibeba chakula chao wenyewe ndani ya masanduku kama lile, mikate mikavu na nyama ya chumvi. Surua na homa zikiingia kule chini walikolala, watoto ndio walianza kuondoka. Na kaburi ni bahari, huwezi kurudi kulitembelea.

Hao ni familia moja tu. Meli ya kwanza ya wahamiaji wao, Restauration, iliondoka Stavanger Julai 1825 na watu 52, ikafika New York Oktoba 9 na watu 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Mpaka 1930 walikuwa wamevuka zaidi ya 800,000. Wengi walifuata ardhi: sheria ya 1862 iliwapa walowezi ekari 160. Nayo haikuwa ardhi tupu. Wadakota walifukuzwa Minnesota mwaka 1863, miaka mitatu tu kabla ya sanduku hili kufika. Rumeti alisema hilo pia ataliandika kwenye karatasi ya babu.

Jumapili tukampigia simu mzee. Rumeti akamsomea majina taratibu. Alipofika kwa kichanga, babu akasema huyo anamfahamu, ni shangazi yake baba, alikufa mzee kabisa. Rumeti akamwambia hapana babu, huyo ni wa pili. Wa kwanza alibaki baharini.

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika. Halafu babu akasema: "Soma tena. Wote watano."

Akasoma tena. Sasa babu anataka karatasi yenye majina matano iwekwe ndani ya sanduku. Tunaipeleka Jumamosi.

Nami jioni ile nikampigia bibi yangu, nikamuuliza majina ya ndugu zake wote, hata wale ambao hawakukua. Alishangaa, ila alinitajia. Nimeyaandika.

Usiku mwema wadau. Kesho kipindi saa mbili asubuhi, na bado sijagusa kazi ya kukusanya.