Kipande cha Amerikani

Katika chuo cha ualimu nilifunzwa kwamba somo la historia huanza vyema kwa kitu ambacho mtoto aweza kukishika. Basi siku niliyofundisha habari za viwanda vya kale vya nguo, niliingia darasani na kipande cha amerikani. Niliwaeleza wanafunzi wangu kuwa jina la kitambaa hicho lasimulia safari yake. Katika karne ya 19 kilifumwa Massachusetts, nchini Marekani, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Kikaletwa Unguja kwa merikebu, na wapagazi wakakichukua hata bara.

Kisha niliwasimulia habari za Harriet Hanson, aliyeanza kazi katika kiwanda cha mji wa Lowell mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 10. Kazi yake ilikuwa kuondoa vijiti vilivyojaa uzi na kuweka vitupu. Kwa kila saa alifanya kazi dakika 15 tu, lakini ilimpasa kuwapo tangu saa kumi na moja alfajiri hata saa moja jioni. Ujira wake ulikuwa dola 2 kwa juma.

Nyuma ya darasa alikaa msichana niliyezoea kumkemea kwa kusinzia. Siku hiyo hakusinzia. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mtoto huyo alisoma saa ngapi?"

Wenzake walicheka. Nilimjibu kuwa mwaka 1836 Massachusetts ilitunga sheria kwamba watoto wa viwandani walio chini ya miaka 15 wasome walau miezi 3 kila mwaka. Akanyamaza, lakini swali lake halikuninyamazia.

Baada ya kengele nilimwita faraghani. Akaniambia, huku macho yake yakitazama chini, kwamba huamka usiku wa manane kumsaidia mama yake kupika mahamri, kisha huyatembeza mitaani kabla ya kuja shule.

Niliona haya. Muhula mzima nilikuwa nimeuita uvivu uchovu wa mtoto mwenye bidii kuliko wote. Nilimjua mtoto wa Lowell, nisimjue aliye mbele yangu. Jioni ile nilikwenda kwao. Mama yake alinipokea kwa heshima, tukashauriana jinsi ya kumpunguzia binti kazi siku za masomo.

Kipande kile cha amerikani ningali ninacho. Nilikipeleka darasani kufundisha, nikarudi nacho nimefundishwa.