Mnada na Mchezo

Jioni moja mwaka juzi mjukuu wangu alinijia barazani akiwa na daftari la hesabu. Nikafurahi, maana kwa mwalimu mstaafu hakuna kinachopendeza kama kijana mwenye daftari. Alitaka nimkopeshe shilingi 600,000 katika masalio ya kiinua mgongo changu, anunue kompyuta iliyotumika na kufungua tovuti.

"Babu, sitauza kitu," alisema. "Nitawaelekeza watu kwa wauzaji. Mtu akinunua, nami napata kamisheni."

"Basi wewe ni mpiga debe," nikamwambia.

Alicheka, lakini hakukataa. Pale stendi mpiga debe hana basi wala hamjui abiria. Hulipwa kwa kila kichwa alichokiingiza garini. Kazi ya mjukuu wangu ndiyo hiyo hiyo, ila stendi yake ni intaneti.

Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa minada. Kampuni ya Marekani iitwayo eBay, iliyoanza mwaka 1995, huwalipa wapiga debe wa namna yake. Angeandika habari za kamera na saa za kale. Msomaji wa Uingereza au Marekani akipitia kwake, akatoa dau ndani ya saa 24 na kushinda mnada ndani ya siku 10, kijana hupata asilimia chache ya bei. Asiposhinda, hapati kitu. Njia ya pili ilikuwa michezo ya kubahatisha: kubeti mpira, na kasino za kwenye simu. Huko wateja wamejaa mtaani kwetu, na fedha huingia upesi. Katika daftari lake safu ya michezo iliizidi ya minada mara nyingi.

Chuoni Mpwapwa, nilikosomea ualimu, tulizoezwa kumwuliza mtoto hesabu yake imetoka wapi kabla ya kumwuliza jibu ni ngapi. Nikamwuliza: hiyo kamisheni ya michezo inakatwa kwenye nini? Akasita. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kampuni nyingine hulipa kiasi kwa kila mchezaji mpya, na nyingine humgawia mwelekezaji sehemu ya fedha walizopoteza wachezaji wake, mwezi hata mwezi. Yaani mkeka wa jirani ukichanika, yeye anakula.

Sikumhubiria, maana sina mdomo huo. Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mkuu, upepo uliezua madarasa mawili. Tukaendesha bahati nasibu, zawadi ikiwa baiskeli. Wanafunzi walizungusha tiketi vijijini, na aliyemaliza kitabu kizima nilimpa madaftari mawili. Mabati yalipatikana. Lakini mama mmoja alikuja ofisini na tiketi 11, zilizonunuliwa kwa fedha ya sare ya bintiye. Aliyemwuzia ni mwanawe mwenyewe, muuzaji wangu hodari kuliko wote. Alizipanga mezani, akasubiri. Nikamwambia utaratibu hauruhusu kurudisha fedha. Utaratibu huo niliuandika mimi.

Nilipomsimulia mjukuu wangu kisa hicho, alijibu kwamba hata mnada una wazimu wake. Hapo alisema kweli. Siku ya mavuno kanisani kwetu nimeona yai moja likipanda mpaka bei ya kuku mzima, na mwaka mmoja mimi mwenyewe nilinunua mkungu wa ndizi kwa bei iliyomkosesha bibi yake usingizi. Lakini niliondoka na ndizi, na mwenzangu niliyemshinda alirudi kwake na fedha zake zote mfukoni. Kwenye kubeti anayeshindwa huziacha, na mpiga debe humegewa fungu katika hizo alizoziacha. Tofauti hiyo haikuwamo katika daftari.

Nilimkopesha, kwa minada tu. Alipokea kwa mikono miwili, uso umenuna. Miezi mitano hakuona hata senti. Mwezi wa sita zikaingia dola 3 na ushei, kwa saa kuukuu iliyonunuliwa na mtu asiyemjua wala hatamjua. Aliniletea simu niione, kama mtoto aletavyo ripoti ya shule.

Kampuni za michezo bado humtumia ujumbe wa kumkaribisha, naye hunionyesha, pengine ili nijue anavyojinyima. Deni langu hajalilipa, nami sijamdai.