Kwangu Inafanya Kazi

Haya wasomaji wangu, leo hakuna msimbo wala habari za seva. Leo ni habari za mmea. Vumilieni kidogo, mtaona tunarudi palepale.

Nyumbani kwetu Kitale ukuta wa nyuma umefunikwa na aivi, ule mmea wa mapambo unaotambaa ukutani, wenye majani kama kiganja. Mama ndiye aliyeupanda. Alipewa kipande kimoja na jirani, akakiotesha kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia. Baba alipofariki, Mama alirudi kwao Bungoma, mimi nikabaki na nyumba. Hakulalamika. Siku moja tu aliniambia kwenye simu: "Huku ni kuzuri, ila ukuta wangu uko uchi."

Nikamjibu kwa kiburi cha digrii: "Mama, hiyo ni kunakili na kubandika tu."

Januari nikakata vipandikizi 10, kila kimoja kama sentimita 12, chini kidogo ya kifundo cha jani. Nikavifunga kwa gazeti lililolowa, nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma. Nikavichomeka ardhini chini ya ukuta unaotazama magharibi. Baada ya wiki mbili vyote vilikuwa vimekauka kama majani ya chai.

Mara ya pili nikaagiza vimwagiliwe asubuhi na jioni. Vikaoza. Nilikuwa kama mtu anayeongeza RAM kila programu inapokwama, bila kusoma ujumbe wa hitilafu. Mara ya tatu viwili vilishika, kisha majani yakafifia na kujaa vidoa vya njano. Nikamwambia Mama kwamba udongo wa Bungoma haufai. Ni ule utetezi wetu watengeneza programu: kwangu inafanya kazi!

Mama hakubishana nami. Aligeuza jani. Chini yake palikuwa na utando mwembamba na vidudu vidogo kama vumbi linalotembea. Utitiri. Hao hustawi penye joto na ukavu. Logi yote ilikuwa imeandikwa chini ya jani, mimi nilikuwa naangalia juu tu.

Hapo ndipo nikakaa chini kusoma. Aivi hii, Hedera helix, asili yake ni Ulaya na magharibi mwa Asia, na imezoea kivuli cha msitu. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Tofauti hiyo yatosha kuongeza joto kwa digrii 3 hivi. Ongeza kiangazi cha Januari na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Mmea ni uleule, mazingira ndiyo tofauti.

Basi tukaanza upya mvua za Aprili ziliponyesha. Vipandikizi vikaoteshwa kwanza kwenye makopo yaliyotobolewa chini, kivulini mwa mparachichi, udongo ukiwa na unyevu tu, si tope. Mama akawa anaosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa upande wa chini. Vilipotoa mizizi tukavihamishia ukuta wa mashariki, unaopata jua la asubuhi tu.

Mmea huu hujishikiza kwa vijizizi vinavyotoa gundi yenye chembe ndogo mno. Wanasayansi wa Marekani walizieleza mwaka 2008. Kwa hiyo kagua ukuta kwanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa 2010 ulionyesha kwamba aivi inaweza kuulinda ukuta mzima, lakini penye nyufa mizizi huingia na kuharibu. Ipogoe kabla haijafika kwenye paa. Vaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi, na usiache watoto au mbuzi waile, ni sumu.

Leo imefika usawa wa dirisha la jikoni. Mama anasema bado haijafanana na ile ya Kitale. Lakini nikipiga simu jioni, kabla sijauliza habari za afya yake, ananiambia kwanza imeongeza majani mangapi.

Nami sasa, mteja akiniambia programu imekwama kwake, simjibu tena kwamba kwangu inafanya kazi. Namwomba anigeuzie jani.