Waya wa Shaba na Tundu la Sikio

Beni

Mwanangu Masika,

Shangazi yako amesikia kwamba unataka kutengeneza hereni za waya nyumbani hapo Butembo, na kwamba swali lako la kwanza lilikuwa mitindo. Mitindo itakuja. Kwanza kuna kile kipande kinachoingia sikioni, maana biashara nyingi za hereni hufia hapo.

Masoko ya Butembo na Beni yamejaa hereni zilizopita Kasindi, mpakani mwa Uganda. Zinang'aa, bei nafuu, na baada ya siku chache sikio linawasha na kutoa maji. Mara nyingi mkosaji ni nikeli, inayofichwa chini ya rangi ya dhahabu. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo kwa sheria ya mwaka 1994. Kwetu mnunuzi hujipimia mwenyewe, kwa sikio lake.

Ndiyo maana fundi makini hutenganisha vitu viwili: umbo linaloning'inia na ndoano yake. Umbo linaweza kuwa la shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa nyumba. Ule wa milimita za mraba 1.5 una unene wa karibu milimita 1.4, ukipigwa nyundo juu ya chuma bapa unakuwa mgumu, haupindi ovyo. Lakini kwa tundu la sikio ni mnene mno. Ndoano inataka milimita 0.8 hivi, na isiwe shaba tupu, kwa kuwa jasho huila shaba na kuacha ukijani kwenye ngozi. Fedha ni bora; chuma cha inoksi kinatosha.

Ndoano mbili hukatwa pamoja, sentimita 5 hivi kila moja, na kukunjwa pamoja kwenye kalamu ili zilingane. Kisha ncha inasuguliwa kwa msasa laini. Kipimo chake ni soksi ya nailoni: ncha ikipita juu yake bila kunasa uzi, iko tayari. Ikinasa, irudi kwenye msasa, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Ganda la waya lichunwe kwa kisu. Wako wanaolichoma ili kumaliza haraka, na moshi ule wa plastiki ni sumu kwa aliye jikoni na kwa jirani. Tena, shaba inunuliwe kwa fundi umeme anayejulikana, vipande vilivyobaki kazini. Waya usiojulikana ulikotoka huenda jana ulikuwa juu ya nguzo.

Asikutishe mtu kwamba lazima uwe na mashine. Mchongaji Mmarekani Alexander Calder alitengeneza mapambo yapatayo 1,800, mengi kwa kupiga na kukunja waya bila kulehemu. Na shaba si ngeni kwetu: huko Katanga misalaba ya shaba ilikuwa pesa za watu karne nyingi kabla ya Wabelgiji, na misafara ya karne ya 19 kutoka Zanzibar ilileta bara waya na shanga za kununulia pembe za ndovu.

Kuhusu kuuza, Nairobi ina mfano mzuri. Mwaka 2012 mhandisi Catherine Mahugu na wenzake walianzisha Soko, mfumo unaowaunganisha mafundi wa mapambo na wanunuzi wa ng'ambo kwa simu. Fundi wa Butembo aanze karibu zaidi: kwaya, harusi, wanafunzi wa chuo. Ila bei isipangwe kwa uzito wa waya. Anayehesabu shaba tu na kusahau saa zake za nyundo na msasa anawalisha wateja kutoka mfukoni mwake.

Jozi ya kwanza usiiuze, Masika. Ivae juma zima, kanisani na sokoni, kisha uniandikie sikio limesemaje.

Ni mimi shangazi yako