Mita Haikuonei, Mpwa Wangu

Mikindani, Mtwara
Januari

Mpwa wangu mpendwa Somoe,

Joto la kaskazi huku Mikindani ndilo hilo hilo mnaloliona huko Chikongola. Mama yako ameniambia kwamba tangu mlipouza korosho mkafunga kiyoyozi na kununua friza, umeme wa elfu kumi haufiki wiki, na sasa mnadhani mita imechezewa. Nimefunga umeme katika nyumba nyingi za mkoa huu, na malalamiko hayo nayasikia kila mwaka kuanzia Novemba hadi Machi. Tafadhali usiite mtu wa kuifungua mita. Ina lakiri, na anayeikata anakuingiza kwenye kesi.

Ipime mwenyewe kwanza. Tazama kile kitaa chekundu kinachopepesa, halafu usome namba iliyoandikwa pembeni yake. Kama ni 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1,000 umemaliza uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, uchomoe na plagi zote, usimame hapo dakika tano. Kikiendelea kupepesa, kuna waya unaovujisha au mtu mwingine anakula kwenye laini yako, na hapo nitakuja mwenyewe na vifaa vyangu. Kikitulia, washa kimoja kimoja na uhesabu. Mipepeso kumi kwa dakika ni wati 600. Washa feni uone, kisha washa kiyoyozi uone. Utaelewa mambo mengi kuliko nitakayoyamaliza kwenye karatasi hii.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Feni ya dari ya wati 70 inaweza kuzunguka saa kumi na nne ndipo iimalize. Taa ya LED ya wati 9 inawaka zaidi ya saa mia. Pasi ya wati 1,200 inaimaliza kabla ya saa kwisha, kwa hiyo piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, acha kuipasha moto kila asubuhi kwa ajili ya shati moja. Vinavyotoa mwanga na upepo havina njaa. Vinavyotengeneza joto au baridi ndivyo vinavyokula, na kiyoyozi kinavipita vyote kwa sababu kinakula usiku kucha. Hicho chenu cha nguvu farasi moja kinavuta kama wati 900 injini yake ikiwa kazini. Kwenye chumba kilichozibwa vizuri injini hupumzika mara kwa mara. Kwenye chumba chenu haipumziki, na ukikiwasha kwa muda wa saa nane usiku kinaweza kuondoka na uniti saba hivi. Zidisha kwa siku thelathini, Somoe.

Na hapo kuna jambo la bei ambalo wengi hawalijui. Kwa bei zilizopangwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, mwaka 2016, mteja wa majumbani anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huwekwa daraja la D1 na kulipa shilingi 100 kwa uniti. Anayezidi huwekwa T1, shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya wakala wa nishati vijijini, REA, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, hivyo uniti moja inakuwa shilingi 122 kwa D1 na 356 kwa T1. Uniti 75 zile zile, mmoja anazilipia 9,150, mwingine 26,700. Kiyoyozi hakikuongezei matumizi tu, kinakuhamisha daraja, na tangu hapo hata taa ya chooni unailipia karibu mara tatu. Kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa pia kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunza risiti, mkae naye kwa heshima, airudishe kwenye kodi ya pango.

Mumeo amesema gesi inatoka kwetu Msimbati, kwa nini tulipe sawa na watu wa Dar es Salaam. Simlaumu. Gesi hiyo ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, mashine za umeme hapo mjini zinazungushwa nayo, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar. Mimi pia naona mtu wa Msimbati anastahili kuguswa na utajiri ulio chini ya miguu yake. Lakini bei ya umeme ni moja nchi nzima, haiangalii gesi imetoka wapi, na bili ya mwezi huu haiwezi kusubiri mjadala huo uishe.

Sasa joto lenyewe, maana najua mlifunga kiyoyozi kwa ajili ya mtoto, na mtoto lazima alale. Joto la nyumba yenu linatoka juu. Bati tupu lisilo na silingi bodi linaota jua tangu asubuhi, na usiku linawamwagia ninyi mliolala chini yake. Kuweka kiyoyozi chini ya bati hilo ni kuteka maji kwa pakacha. Mwombeni mwenye nyumba aweke silingi bodi, hata ya chumba kimoja cha kulala, na aache matundu ya hewa chini ya paa ili joto litoke. Akikataa gharama, mchangiane nusu kwa nusu. Bati likipakwa rangi nyeupe nalo hupunguza sana ukali.

Njoo siku moja mchana nikuingize kwenye nyumba za zamani hapa Mikindani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake nene jua linachelewa kuzipenya, na milango inatazamana ili upepo wa baharini uingie huku utokee kule. Waliozijenga hawakuwa na mita ya LUKU. Chumba chenu kina madirisha mawili, moja mmelizibia kabati. Hamisheni kabati hilo leo.

Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki, ndiyo maana mtu anahisi kupikwa. Kinachosaidia ni hewa inayotembea mwilini. Upepo wa feni ya dari unazuiwa na chandarua usimfikie mtoto, kwa hiyo nunua feni ya kusimama, iweke usawa wa kitanda, ipulize kupitia ubavuni. Chandarua usikiondoe kamwe. Siku zile mbaya kabisa washa kiyoyozi saa moja kabla ya kulala, kwenye 26, kisha feni imalizie usiku. Kukiweka 16 hakukifanyi kipoze haraka, kinachelewa tu kuzima. Osha chujio kila baada ya wiki mbili, na mashine ya nje isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kwani upepo wa bahari unaila.

Friza siikatai, samaki wa Msimbati wanakuingizia pesa. Isogeze mbali na jiko na ukuta. Bana noti kwenye mpira wa mlango: ikichomoka bila kushikwa, mpira umekwisha, ubadilishe. Nafasi tupu ijaze chupa za maji, zikiganda zitashikilia baridi hata umeme ukikatika. Jiko la presha la umeme alilokupa shangazi yako usiliogope. Maharage yanaiva kwa kama nusu uniti, chini ya shilingi 200 hata kwa bei ya T1. Mkaa wa bei hiyo hauivishi maharage.

Andika uniti zinazosomeka kwenye mita kila jioni baada ya sala ya magharibi, wiki mbili mfululizo, unitumie. Matumizi yakishuka chini ya 75 kwa miezi kadhaa, nenda ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, uulize habari ya kurudishwa D1, na uchukue namba ya mita na risiti zako. Nami nikipata nafasi nitakuja nitazame waya za jikoni, kwa sababu ile soketi ya friza mama yako anasema inapata moto. Mpaka nifike, usichomeke kitu kingine hapo.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mjomba wako