Handaki la Clyde

Law Abiding Citizen ilitoka mwaka 2009, na kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu hapa Maili Moja, Kibaha, iliishi miaka mingi baada ya hapo, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Watu hawakujua jina la filamu. Walisema tu, "Weka ile ya Clyde."

Aliyeiona anajua inavyokamata. Wezi wawili wanavamia nyumba ya Clyde Shelton, wanaua mke na binti yake. Mwendesha mashtaka, Nick Rice, anashinda asilimia 96 ya kesi zake na hataki kuichafua rekodi hiyo. Anakubaliana na mmoja wa wezi: toa ushahidi dhidi ya mwenzako, tukupunguzie kosa. Anayepunguziwa ndiye muuaji hasa. Clyde anaambiwa mambo yakishakwisha. Miaka kumi baadaye yuko gerezani, kafungiwa peke yake, na watu wa mahakama wanaendelea kufa huko nje. Jaji anakufa simu ikiwa sikioni. Anafanyaje?

Handaki. Alinunua gereji jirani na gereza akachimba mpaka chini ya seli. Basi! (Kibaha ukichimba choo tu, mtaa mzima unakuja kuuliza kina.) Nick analigundua, anamhamishia Clyde kwenye seli bomu lake mwenyewe, linamlipukia, kisha tunamwona Nick ametulia kwenye onyesho la muziki la bintiye.

Niliitazama nikiwa sekondari, nimekaa na bamdogo. Mkewe aligongwa na lori Barabara ya Morogoro, akafia pale pale. Dereva alikiri kosa, akalipa faini, akarudi kwenye usukani. Sisi tulizipata habari za hukumu mtaani, siku kadhaa baadaye. Bamdogo si mtu wa filamu, lakini siku ile karanga zilibaki mkononi mwake tangu Nick alipokubaliana na yule muuaji. Bomu lilipolipuka vijana walipiga miluzi. Yeye akaniuliza, "Sasa yule mwanasheria, mbona hakuna aliyemuuliza kitu?"

Sijasoma uchambuzi wa filamu ile unaonitosha kuliko swali hilo. Handaki ningelisamehe. Lakini tulikuwa tumeanza na jambo zito, kwamba kesi ya msiba wako inaweza kuuzwa na mtu ambaye hakumzika yeyote, na filamu ikaliacha njiani ili itueleze mtu alipitia wapi kutoka selini. Nick anasema hapatani tena na wauaji. Halafu anaua bila hakimu, na kamera inamsindikiza hadi kwenye muziki kana kwamba amelipa deni.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya sheria. Mwaka 2019 makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa rasmi kwenye Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Yana faida zake, mahabusu wengi wamesota miaka. Ila mwathirika anashauriwa pale mazingira yanaporuhusu, na hapo ndipo nilipoamua utafiti wangu utakaa.

Likizo iliyopita nilimwonyesha bamdogo kifungu hicho kwenye simu. Alikisoma mara mbili, taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Mazingira gani hayo?" akauliza. "Na nani anayapima?"